Gegedu la goti: linavyoharibika, linavyotengenezwa, na unachoweza kufanya ukiwa Tunduma

"Nesi, ute wa goti langu umekwisha. Nifanye nini urudi?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na watu wenye maumivu ya magoti hapa Tunduma. Huniuliza mama anayeuza mchele sokoni, dereva aliyekaa siku kadhaa kwenye foleni ya malori akisubiri kuvuka kwenda Nakonde, na kijana anayebeba magunia mgongoni. Karibu kila mmoja huwa ameshapewa jibu na mtu mwingine: kula bamia, kunywa supu ya kongoro, choma sindano.

Makala hii inaeleza kinachoharibika hasa ndani ya goti, jitihada ambazo madaktari wamefanya kukitengeneza, zipi zimefanikiwa na kwa nani, na mambo unayoweza kuanza leo nyumbani kwako bila kuuza kitu.

Kwa ufupi

- Kinachoharibika mara nyingi si ute. Ni gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti.
- Gegedu la mtu mzima likishalika, mwili hauwezi kulirudisha kama lilivyokuwa. Hakuna kidonge, chakula wala sindano iliyothibitishwa kulirudisha.
- Upasuaji wa kutengeneza gegedu upo, lakini unamfaa mtu mwenye jeraha dogo la sehemu moja. Haumfai mtu ambaye goti lake lote limesagika.
- Kwa watu wengi, mazoezi ya misuli ya paja, kupunguza uzito na kubadilisha namna ya kufanya kazi hupunguza maumivu na kuwawezesha kuendelea na shughuli zao.
- Goti lililovimba ghafla pamoja na homa ni dharura. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ndani ya goti kuna nini

Goti ni mahali mifupa mitatu inapokutana: mfupa wa paja kutoka juu, mfupa mkubwa wa muundi kutoka chini, na pia ya goti kwa mbele. Ncha za mifupa hii zimefunikwa na gegedu. Ukitaka kuliona, angalia paja la kuku unapolikata kwenye kiungo: ule weupe unaong'aa na kuteleza kwenye ncha ya mfupa ndio gegedu. Kwa binadamu, sehemu kubwa ya gegedu la goti ina unene wa milimita 2 hadi 4 tu.

Kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi kuna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vinaitwa meniska. Navyo ni aina ya gegedu, ila ni vigumu zaidi. Kazi yake ni kusambaza uzito ili usielemee sehemu moja.

Kiungo chote kimezungukwa na mfuko, na ndani yake mna ute. Goti lenye afya lina ute kidogo sana. Kwa kawaida haujazi hata kijiko kimoja cha chai. Hapa ndipo jibu la swali la ute linapopatikana. Goti linalouma na kuvimba kwa kawaida halijapungukiwa ute. Lina maji mengi kupita kiasi, kwa sababu utando wa ndani umekereka na unatoa maji zaidi, tena mepesi kuliko ute wa kawaida. Kilichopungua ni gegedu.

Kwa nini gegedu haliponi kama mfupa

Mtu akianguka na bodaboda akavunjika muundi, mfupa huunga. Akichubuka, ngozi hufunga. Sababu kubwa ni damu: damu ndiyo inayopeleka chakula na seli za kutengeneza penye jeraha.

Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Linapata chakula kutoka kwenye ute. Unapokanyaga, gegedu hukandamizwa na maji hutoka. Unapoinua mguu, hufyonza tena, kama sponji ya kuoshea vyombo. Seli zake ni chache, zimetengana, na hazihami kwenda kuziba penye shimo. Daktari William Hunter aliandika huko London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Zaidi ya miaka 280 imepita, na bado hakuna aliyepata njia ya kulirejesha likawa kama la mwanzo.

Gegedu pia halina mishipa ya fahamu. Ndiyo maana linaanza kulika kimyakimya. Maumivu huja baadaye, yakitoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando wa ndani, au kwenye misuli na kano zinazozunguka goti. Mtu anapokuja kwetu akisema goti limeanza kuuma mwezi uliopita, mara nyingi gegedu lilianza kulika miaka kadhaa nyuma.

Linaharibikaje

Kuna njia tatu kuu.

Ya kwanza ni ajali. Kuanguka na pikipiki, goti kujipinda kwenye mpira wa miguu, au kuruka kutoka juu ya lori na kutua vibaya. Kipande cha gegedu huweza kubanduka, meniska kuchanika, au kano za ndani zinazoshikilia goti kukatika. Goti lililoachwa likiwa limelegea baada ya kano kukatika huendelea kusaga gegedu kila siku, hata kama maumivu ya kwanza yalitulia. Vijana wengi huona uvimbe umeisha, wakarudi uwanjani, na wakiwa bado watu wa makamo wanatembea na goti la mzee.

Ya pili ni kulika kidogokidogo. Umri una sehemu yake, na ukoo una sehemu yake. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya hedhi kukoma. Uzito wa mwili unachangia sana. Kazi nayo inachangia: kubeba mizigo mizito, kuchuchumaa na kupiga magoti kwa saa nyingi, kupanda na kushuka na mzigo. Unapotembea tambarare, goti hubeba kama mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Unaposhuka ngazi huzidi mara tatu. Sasa fikiria mtu wa kilo 70 mwenye gunia la kilo 100 mgongoni akishuka ubao wa lori.

Ya tatu ni ugonjwa. Bakteria wakiingia kwenye goti wanaweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache. Ugonjwa wa baridi yabisi, ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe, nao huharibu gegedu, na una dawa zake tofauti. Kwa hiyo si kila goti linalouma "limesagika."

Na baridi ya Tunduma? Kipindi cha Juni na Julai watu wengi husema magoti yanauma zaidi. Kweli, baridi huweza kufanya viungo vikakamae na maumivu yaongezeke. Lakini baridi haili gegedu. Jifunike vizuri upate nafuu, ila usiache kutembea kwa kuogopa baridi.

Dalili

Goti lililolika gegedu kwa kawaida huonyesha dalili hizi:

- maumivu yanayozidi ukitembea, ukipanda mlima au ukiinuka baada ya kukaa, na yanayopungua ukipumzika;
- kukakamaa asubuhi, kwa kawaida kwa muda usiozidi nusu saa;
- sauti ya kukwaruza goti linapokunjwa;
- uvimbe unaokuja na kuondoka;
- kushindwa kukunja au kunyoosha goti hadi mwisho;
- baadaye, miguu kupinda kuelekea nje au ndani.

Sauti peke yake, bila maumivu wala uvimbe, si ugonjwa. Magoti mengi yenye afya hulia.

Nenda hospitali leo hii, usisubiri kesho, ikiwa:

- goti limevimba, lina joto, linauma hata likiguswa kidogo, na una homa. Kwa mtoto, anaweza tu kukataa kukanyaga au kulia ukimgusa mguu;
- goti limevimba sana ndani ya saa chache baada ya ajali, au huwezi kukanyaga kabisa;
- goti limekwama, halinyooki wala halikunjiki;
- mguu chini ya goti umekuwa wa baridi, umekufa ganzi, au umebadilika rangi.

Vipimo

Kipimo cha kwanza ni mikono na macho ya mhudumu: atakuuliza, atatazama unavyotembea, atakunja goti lako. Picha ya eksirei haionyeshi gegedu lenyewe. Inaonyesha nafasi kati ya mifupa. Nafasi ikiwa imepungua, daktari anajua gegedu limelika. MRI ndiyo inayoonyesha gegedu, meniska na kano, lakini ni kipimo cha hospitali kubwa na si kila mtu anakihitaji.

Jambo moja usilisahau: picha na maumivu havilingani kila mara. Wapo wenye picha mbaya na wanalima vizuri, na wapo wenye picha nzuri na wanalia usiku. Anayetibiwa ni wewe, si picha. Usivunjike moyo kwa sababu mtu ameitazama eksirei yako akasema "goti limekwisha."

Jitihada za kutengeneza gegedu

Kwa kuwa mwili haujengi gegedu upya, madaktari wa upasuaji wamejaribu kuusaidia. Ili kuelewa njia zao, fikiria barabara. Barabara nzuri yenye shimo moja huzibwa shimo. Barabara iliyolika lami yote kilomita nzima haizibwi viraka, hujengwa upya. Goti ni hivyohivyo.

Kutoboa mfupa. Miaka ya 1980, daktari Richard Steadman wa Colorado, Marekani, alianzisha njia ya kutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ulio chini ya shimo la gegedu. Damu na seli za uboho hutoka na kuziba shimo. Tatizo ni kwamba kinachoota si gegedu la asili. Ni tishu ya kovu iliyo dhaifu zaidi, na kwa wengi nafuu huanza kupungua baada ya miaka michache.

Kuhamisha vipande. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, daktari László Hangody wa Hungaria alianza kuchukua vijiti vidogo vya mfupa pamoja na gegedu lake kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito mkubwa, na kuvipanda kwenye shimo kama mtu anayepanga vigae. Njia hii hutumia gegedu halisi, lakini sehemu ya kuchota ni ndogo, kwa hiyo haiwezi kuziba shimo kubwa.

Kuotesha seli. Mwaka 1987 huko Gothenburg, Uswidi, timu ya Lars Peterson na Mats Brittberg ilianza kuchukua chembe ya gegedu la mgonjwa, kuzizidisha seli zake maabara kwa wiki kadhaa, kisha kuzirudisha gotini kwa upasuaji wa pili. Walichapisha matokeo mwaka 1994 ya wagonjwa 23. Kati ya 16 waliokuwa na jeraha kwenye ncha ya mfupa wa paja, 14 walipata matokeo mazuri. Kati ya 7 waliokuwa na jeraha nyuma ya pia ya goti, ni 2 tu. Tangu hapo njia hii imeboreshwa, na Marekani iliidhinisha aina yake mpya mwaka 2016, ambapo seli hupandwa kwenye kipande chembamba kama kitambaa. Inahitaji maabara maalumu, upasuaji mara mbili na miezi mingi ya mazoezi. Hata kwenye nchi tajiri bei yake ni kubwa.

Njia zote tatu zinamfaa mtu wa aina moja: mara nyingi kijana, mwenye shimo dogo la sehemu moja, mguu ulionyooka, na kano zilizo imara. Mama wa miaka 60 ambaye goti lake limelika pande zote hasaidiwi na hizi. Hili si suala la fedha tu. Hata akiwa na fedha zote, hazimfai.

Kushona meniska. Ukingo wa nje wa meniska una damu, kwa hiyo ukichanika unaweza kushonwa na kupona, hasa kwa kijana aliyeumia karibuni. Sehemu ya ndani haina damu. Ndiyo sababu kijana aliyeumia mpirani asikae nyumbani miezi akipaka dawa ya kuchua. Akiwahi, kuna kitu cha kuokoa.

Kusafisha goti kwa kamera. Kwa miaka mingi watu waliosagika magoti waliingizwa kamera kupitia tundu dogo, goti likaoshwa na kukwanguliwa. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 180. Baadhi waliosafishwa goti, baadhi waliwekewa tu michano ya ngozi bila kuguswa ndani, na hawakujua nani yuko kundi lipi. Baada ya miaka miwili, makundi yote yalikuwa sawa kwa maumivu. Mwaka 2013 utafiti wa Ufini kwa wagonjwa 146 ulionyesha jambo kama hilo kwa meniska iliyochakaa kwa umri: kuikata hakukuzidi upasuaji wa kuigiza. Kamera bado ina kazi nzuri kwa goti lililokwama au kano iliyokatika. Kwa goti lililosagika tu, haisaidii.

Kubadilisha goti. Barabara ikilika yote, ncha za mifupa hukatwa kidogo na kuvishwa chuma, na plastiki ngumu kuwekwa katikati. Hii si kutengeneza gegedu. Ni kuweka kitu kingine mahali pake. Kwa mtu ambaye maumivu yamemnyima usingizi na kutembea, na ambaye mazoezi na dawa vimeshindikana, ni upasuaji mzuri. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2019 kutoka nchi zenye daftari la viungo bandia zilionyesha kwamba kati ya magoti 100 yaliyobadilishwa yote, kama 82 yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Hatari zake zipo: maambukizi, damu kuganda miguuni, na maumivu yanayobaki kwa baadhi. Kwa nchi yetu, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoko Dar es Salaam, hufanya upasuaji huu na ule wa kamera.

Sindano, vidonge, bamia na kongoro

Sindano za steroidi ndani ya goti huweza kutuliza maumivu kwa wiki kadhaa. Hazijengi gegedu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliochomwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa madogo zaidi. Sindano moja wakati umezidiwa, kwa ushauri wa daktari, ni sawa. Kuchomwa kila mara si sawa.

Sindano za damu yako mwenyewe iliyozungushwa kwenye mashine zinatangazwa sana. Utafiti wa Australia wa mwaka 2021 kwa watu 288 haukuona tofauti kati yake na maji ya chumvi baada ya mwaka mmoja, si kwa maumivu wala kwa gegedu.

Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na piroksikamu huuzwa kirahisi hapa mjini. Hupunguza maumivu, lakini ukivimeza kila siku kwa miezi huweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, kupandisha presha na kuharibu figo. Ukiwa na presha, kisukari, ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo, usivimeze bila kuongea na mhudumu. Dawa ya kupaka yenye diklofenaki ni salama zaidi kwa goti. Parasetamoli inaweza kusaidia kidogo. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24.

Jihadhari pia na "dawa ya asili" ya unga au vidonge visivyo na jina inayoondoa maumivu yote ndani ya siku moja. Baadhi ya dawa za namna hii huchanganywa na steroidi kwa siri. Mtu hunenepa uso, sukari hupanda, na akiacha ghafla huweza kuzidiwa.

Bamia na supu ya kongoro ni chakula. Utelezi wa bamia husagwa tumboni na kwenye utumbo. Hausafiri kwenda gotini. Kongoro nalo hugawanywa vipande vidogo kama protini nyingine yoyote. Kama unapenda, kula. Ila usihesabu kwamba umejitibu, na kumbuka supu yenye mafuta mengi kila siku huongeza uzito ambao goti ndilo litaubeba.

Kabla ya kuuza kiwanja

Mbeba mizigo mmoja, baba wa watoto watatu, alinijia akiwa ameshapata mteja wa kiwanja chake. Alikuwa ameambiwa akichomwa mfululizo wa sindano "gegedu litaota." Nilimwomba asubiri miezi mitatu. Picha yake ilionyesha goti lililosagika upande wa ndani. Sikumwahidi kupona, maana ningemdanganya. Nilimfundisha mazoezi nitakayoeleza hapa chini, akayafanya, siku nyingine akilalamika. Mgongoni hakurudi kubeba gunia. Alianza na mkokoteni wa kukodi. Goti bado linamuuma akitembea sana. Lakini analala usiku, anafanya kazi, na kiwanja anacho.

Nami nilijifunza kwa makosa. Miaka yangu ya kwanza kazini nilikuwa nawaambia wenye magoti, "Pumzika, usitembee sana." Mama mmoja alinitii. Aliporudi baada ya miezi, paja lake lilikuwa limesinyaa na goti lilikuwa linamwangusha. Kupumzika siku mbili tatu goti linapovimba ni vizuri. Kupumzika miezi ni kuliua, kwa sababu gegedu hulishwa kwa kukanyaga, na misuli ya paja ndiyo inayopokea mshindo kabla haujafika kwenye mfupa.

Unachoweza kuanza leo

Mazoezi. Fanya kila siku, au angalau siku tatu kwa wiki, kwa muda usiopungua wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema hayasaidii.

1. Kaza paja. Kaa kitandani mguu ukiwa umenyooka. Sukuma nyuma ya goti chini kwa kukaza misuli ya mbele ya paja. Hesabu hadi 5, achia. Mara 10, kila mguu.
2. Nyoosha goti. Kaa kwenye kiti. Inua mguu mpaka unyooke, hesabu hadi 5, teremsha taratibu. Mara 10, kila mguu.
3. Inuka kwenye kiti. Tumia kiti kirefu mwanzoni. Inuka bila kujisukuma kwa mikono, kaa taratibu. Anza mara 5, ongeza hadi 10.
4. Inua mguu kando. Simama umeshika ukuta, inua mguu pembeni bila kuinamisha mwili. Mara 10, kila mguu.
5. Tembea. Anza dakika 10 tambarare, ongeza kidogo kila wiki.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Kama yamezidi na bado yapo siku ya pili, punguza idadi, usiache.

Uzito. Utafiti unaonyesha kila kilo 1 unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Mtu akipunguza kilo 5, goti limepunguziwa kilo 20 kila anapokanyaga. Anza na soda, mandazi na ukubwa wa tonge la ugali.

Fimbo. Ishike kwa mkono wa upande usiouma. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto. Watu wengi huishika upande mbaya na kuona haisaidii.

Nyumbani. Inua jiko la mkaa juu ya matofali ili usipikie umechuchumaa. Fulia juu ya meza au stuli. Kwa choo cha shimo, fundi anaweza kukutengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu yake. Kiti cha kukalia kiwe kirefu. Kigoda kinatesa goti.

Kazini. Dereva, usiruke kutoka kwenye kebini. Shuka ukiwa umeangalia lori na umeshika chuma. Kwenye foleni, shuka utembee kidogo kila saa. Mbeba mizigo, gawanya mzigo, tumia mkokoteni, na mkubaliane kupokezana. Muuza sokoni, badilisha kukaa na kusimama.

Wapi pa kwenda

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ukihitaji uchunguzi zaidi utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe iliyoko Vwawa, na kutoka hapo kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. MOI iko zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo fuata rufaa badala ya kupanda basi kwa kubahatisha. Beba picha zako zote na orodha ya dawa unazotumia. Kama una bima, uliza mapema inalipia nini.

Kabla ya kukubali sindano au upasuaji wowote, uliza maswali haya:

- Ugonjwa wangu unaitwaje, na uko sehemu moja ya goti au goti lote?
- Tiba hii inatuliza maumivu au inatengeneza gegedu?
- Nafuu hukaa muda gani kwa mtu kama mimi?
- Hatari zake ni zipi, na nisipofanya itakuwaje?
- Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na mazoezi na kurudi kliniki?

Mtaalamu mzuri hatachukia kuulizwa. Ukiambiwa gegedu litaota kama jipya, na ulipe leo kabla bei haijapanda, beba picha zako urudi nyumbani. Kisha njoo tuongee, na uje na kiti kirefu kichwani mwako, maana tutaanza na zoezi la kuinuka.